Kufuli la Kupeleka Uppsala

Nyumba ya Hatibu pale Ngokolo ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, kwenye jiko, bafu na choo. Yeye na mkewe Kijakazi walikaa vyumba viwili vya mbele. Vilivyobaki alipangisha, na kwa miaka mingi wapangaji wake walikuwa wanafunzi, watoto wa vijijini waliopata nafasi katika sekondari ya kutwa mjini na hawakuwa na ndugu wa kuwalaza.

Sheria za nyumba hiyo hazikuandikwa popote, lakini kila aliyelala pale alizijua. Wasichana upande wa kushoto, wanaume upande wa kulia. Mwanamume hakanyagi kizingiti cha msichana, hata kama anarudisha kibiriti. Na kila mpangaji ana kufuli lake la kuning'iniza mlangoni. Ukitoka, kufuli linakaa kwenye pete, na watu wanajua hupo. Ukiwa ndani, umeingia nalo, pete iko tupu, na watu wanajua upo. Alfajiri akitoka kwenda kuswali, na jioni akirudi kwenye biashara yake ya ngozi, Hatibu alipita ukumbini akitazama makufuli kulia na kushoto, kama mchungaji anavyopitisha macho kwenye zizi. Ufunguo wa pili wa kila kufuli ulikuwa wake. Alizitundika funguo hizo zote kwenye misumari juu ya mlango wa chumba chake.

Na mtoto wa mtu hakuingia pale hivi hivi. Alikabidhiwa. Mzee Bujiku wa Samuye alipomleta binti yake Paskazia kuanza kidato cha kwanza, alikuja na jogoo kwapani, akakaa barazani, akanywa maji, akasema, "Kuanzia leo ni wako. Akikosea, mchape. Akiugua, niite." Hatibu akampokea jogoo, na kwa kumpokea jogoo akawa amempokea mtoto. Mambo yalikuwa hivyo.

Ndiyo maana kilichomkuta dukani kwa Rajabali, mwezi wa nane mwaka wa themanini na mbili, kilimchoma mahali pabaya.

Binti yake mwenyewe, Mwahija, alikuwa amerudi likizo. Mradi wa maji ulikuwa umempeleka Uswidi, mji wa Uppsala, kusomea upimaji wa maji ya visima, na alibakiza mwaka mmoja kumaliza. Alikuja na sweta mbili, mafua, na sanduku lililojaa sabuni, kwa sababu mwaka ule sabuni Shinyanga ilikuwa inasikika kwa jina tu. Kijakazi aliikata vipande akagawia majirani, na kwa siku kadhaa Hatibu alitembea mjini akiwa mkubwa kuliko kimo chake.

Alikwenda kwa Rajabali kuulizia sukari. Sukari haikuwepo. Rafu zilijaa vitu ambavyo hakuna aliyevitaka: makufuli ya Kichina, wino, na viberiti vilivyoshika unyevu. Firoz, mtoto mkubwa wa Rajabali, alikuwa nyuma ya kaunta anajipepea kwa kipande cha boksi. Watu wanne watano walikuwa wamekaa pale wakisubiri uvumi wa sukari.

"Mzee Hatibu, shikamoo."

"Marahaba. Sukari?"

"Ingekuwepo ungeona mimi napigana na watu, si kukaa hivi. Mwahija hajambo? Nasikia anasoma Uppsala. Mimi nilipita huko mwaka jana, kumwona kaka yangu. Nililala kwa wanafunzi, wiki nzima."

"Alaa. Ni pazuri?"

"Pazuri sana. Chumba kimoja mtu mmoja, kitanda, meza, dirisha la vioo viwili. Lakini korido, mzee, mchanganyiko. Huyu mwanamume, huyu mwanamke, huyu mwanamume. Jiko lao moja. Bafu moja. Asubuhi unakutana na binti wa mtu amejifunga taulo anakwambia habari za asubuhi." Firoz akacheka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kusema tu.

Mmoja wa waliokaa akasema, "Basi mwenzetu Hatibu ana sheria kali kwenye nyumba ya Ngokolo, kumbe ya Ulaya ameacha wazi." Wakacheka wote. Hatibu naye akacheka, akaaga, na mpaka anafika kwake alikuwa hajui amepita njia gani.

Alimkuta Mwahija uani anachambua mchele na mama yake.

"Huko unakokaa," alisema bila kukaa, "chumba kinachofuata chako anakaa nani?"

Mwahija alimtazama mama yake kwanza. "Msichana wa Kiswidi, baba."

"Na upande mwingine?"

"Mvulana. Anatoka Finland."

"Na bafu?"

Mwahija akaweka ungo chini. "Bafu tunatumia wote. Lakini kila mtu anajifungia. Baba, si kama unavyofikiri."

"Mimi sifikiri. Nimeambiwa dukani mbele ya watu. Kwa nini usikae na familia? Kwa nini usitafute mama mtu mzima, mjane, mwenye nyumba yake?"

"Wako wachache, na wanataka wanafunzi wa kwao. Vyumba havipatikani, baba. Wanafunzi ni wengi kuliko vyumba. Mwaka wa kwanza nilihama na sanduku langu kama mchuuzi. Nililala kwa mwenzangu sakafuni, nikalala chumba cha chini ya nyumba kisicho na dirisha, nikalala kwenye ukumbi wa mazoezi wanapowekwa wasio na pa kulala. Kuna foleni. Watu wanakaa kwenye foleni ya chumba miaka. Kwa hiki nilichonacho nilimshukuru Mungu. Na Ijumaa hii lazima nipige simu ya maandishi niseme nakitaka tena, au anapewa anayefuata."

"Apewe."

"Nikikosa chumba, baba, chuo hakinisubiri."

"Nakuuliza jambo moja," Hatibu alisema. "Siku ya kwanza ulipofika, nani alikupokea?"

"Nilikwenda dirishani ofisini. Nikatia sahihi. Wakanipa ufunguo."

"Nani alisema, kuanzia leo huyu ni wangu?"

Mwahija akachukua tena ungo.

"Ukiugua, nani anajua?"

Hapo ndipo binti alipofungua mdomo akaufunga tena. Akamtazama mama yake mara ya pili, halafu akatazama mchele. Hatibu alisubiri. Jibu halikuja. Aliingia ndani, akachukua pasipoti ya binti iliyokuwa kwenye kabati la vyombo, akaitia kwenye sanduku lake la bati, akafunga.

"Jibu nimelipata," alisema. "Huendi."

Siku zilizofuata nyumba ilikaa kama ina msiba mdogo. Mwahija hakulia wala hakubishana, na hilo lilimsumbua baba yake kuliko kelele. Alifagia, alichota maji kwenye bomba la jirani, aliwasaidia wasichana wa upande wa kushoto hesabu. Jioni alikaa uani wakati wapangaji wanapika kila mmoja na jiko lake la mkaa, na kila aliyeepua chungu alimwambia karibu, naye kila mara alijibu kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayesikia neno alilolikosa.

Kijakazi alimwambia mumewe wakiwa wawili, "Baba Mwahija, ulimuuliza swali zuri ukiwa umekunja ngumi. Muulize tena umekaa."

"Amekwambia nini?"

"Mimi amenieleza. Wewe muulize mwenyewe."

Hatibu akanuna. Mtu aliyekwisha kusema neno mbele ya watoto hapendi kurudi nyuma kulichukua. Zaidi ya hapo, alikuwa na hakika yuko sawa. Amekaa na watoto wa watu miaka kumi na tano, na hakuna aliyepata mimba chini ya paa lake, hakuna aliyelala nje. Na mvulana wa Kifini jirani ukutani? Hapana.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye banda lake la ngozi karibu na stendi. Ngozi za wiki ile zilikuwa mbichi na jua lilikuwa kali, na hata yeye aliyezoea alitoka kupumua. Akaona heri arudi nyumbani kutawadha kabla ya adhuhuri. Alipoingia ukumbini akasikia kishindo, mbao inapasuka.

Mlango wa chumba cha pili upande wa kushoto ulikuwa umevunjika komeo, na ndani yake anatoka mwanamume. Ni Ngassa, mpangaji wa chumba kinachotazamana nacho, pekee kati ya wapangaji wale asiyekuwa mwanafunzi. Alichimba dhahabu upande wa Geita mpaka kifua kikamchoka, sasa anatengeneza baiskeli mbele ya soko. Mikononi alikuwa amembeba Paskazia, binti wa Bujiku. Binti alikuwa amevaa kanga moja tu, kichwa kimelegea nyuma.

Hatibu hakuuliza. Fimbo aliyokuwa akipimia ngozi ilikuwa mkononi, akaiinua.

"Weka chini mtoto wa mtu."

"Mzee, pisha," Ngassa alisema.

"Nimesema mweke chini. Umeingia chumba cha nani?"

"Piga basi, lakini piga huku natembea."

Mwahija alikuwa amekuja kutoka uani mbio. Alisimama kati yao, mkono kwenye fimbo ya baba yake. "Baba, tazama pete. Kufuli halipo. Yuko ndani tangu jana na sisi wote tulidhani yuko shule."

Hatibu akatazama. Pete ilikuwa tupu. Na alikumbuka, kwa namna iliyoifanya fimbo iwe nzito, kwamba alfajiri ile alipopita aliiona tupu, akasema moyoni bado amelala. Na kwamba saa mbili alipotoka kwenda bandani alikuwa anawaza habari za Mwahija na hakutazama kabisa. Msichana aliyekaa chumba kimoja na Paskazia alikuwa amekwenda kwao msibani. Hakukuwa na mtu wa kusema.

Binti alikuwa anaungua. Mdomo wake unasema maneno ya Kisukuma yasiyoshikana, anamwita mama yake afunge mbuzi.

"Pikapu ya Firoz," Mwahija alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Firoz alikuja na pikapu akiwa hajamaliza kuvaa shati, na hakusema neno la mzaha hata moja njia nzima. Hospitali walimpokea Paskazia, wakamchoma sindano, wakamtundikia maji. Mganga, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoka akasema ni malaria imepanda kichwani. "Mmemwahi. Kama mngesubiri arudi kutoka shule jioni, mngekuwa mnasubiri kitu kingine."

Kijakazi na Mwahija wakabaki ndani na mgonjwa. Hatibu na Ngassa walikaa nje kwenye benchi, kila mmoja mwisho wake.  Ngassa alikohoa kikohozi chake cha mashimoni, akatema mate mchangani, akayafukia kwa kiatu.

"Ulijuaje?" Hatibu aliuliza mwishowe.

"Pete."

"Hata mimi niliiona pete."

"Wewe unatazama kujua nani katoka, mzee. Mimi natazama kujua nani hajatoka." Alisema bila kumtazama. "Kule kwenye maduara, mashimo yetu ya dhahabu, kabla hujateremka, unavua shati unalitundika kwenye mti juu pale mdomoni. Ukipanda unalivaa. Jioni watu wakienda kula, mtu mmoja kazi yake kutazama mti. Shati likibaki, kuna mwenzetu chini. Hatuulizi ni Msukuma au Mzinza, tunachukua kamba. Leo nimerudi kuchukua spana nikaona pete tupu saa ile. Mwanafunzi saa ile yuko ndani kwa nini? Nikabisha. Nikaita. Nikasikia kama mbuzi mgonjwa."

Hatibu akafuta uso kwa kofia yake.

"Sheria yako nimeivunja," Ngassa aliendelea. "Na mlango wako pia. Mlango nitatengeneza. Sheria sijui inatengenezwa vipi. Nitafute chumba kingine?"

"Acha upuuzi."

"Nauliza. Maana fimbo niliiona."

"Ngassa, nimekwambia acha upuuzi."

Ngassa akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Jioni Bujiku alipelekewa habari Samuye kwa mtu wa baiskeli, na Kijakazi akasema atalala pale hospitali. Hatibu na Mwahija wakarudi kwa miguu. Jua lilikuwa limelegea, ng'ombe wanarudishwa, vumbi limesimama juu ya barabara. Walipofika kwenye kalvati kabla ya Ngokolo, Hatibu akakaa ukingoni. Binti naye akakaa.

"Nilikuuliza jambo," alisema. "Sasa nimekaa. Ukiugua kule, nani anajua?"

 Mwahija alikuwa anachora chini kwa ncha ya kiatu.

"Siku ile nilinyamaza," alisema, "kwa sababu nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yangenibakiza hapa."

"Nipe la kwanza."

"La kwanza ni hakuna. Mimi niliugua, baba. Baridi ya kwanza, mapafu. Korido ile ina watu kumi na wawili, na mlango hauna pete wala kufuli. Kufuli lake limo ndani ya mbao yenyewe. Ukifunga, mtu wa nje haoni kitu. Hajui upo, hajui hupo. Na si watu wabaya. Kwao kumgongea mtu mlango ni kumsumbua. Wanakaa kwenye jiko moja, kila mtu na sufuria yake, mmoja anakula, mwingine anapita, na hakuna anayesema karibu. Mara ya kwanza nilidhani nimewakosea. Nikasema karibu kwa Kiswidi, wakanitazama kama nauza kitu. Wewe uliogopa watu wamenisogelea mno. Kule nilikuwa nasikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta, na miezi miwili sikujua jina lake. Nilipougua nikasikia viatu vinapita mlangoni, vinapita, vinapita. Nikasema hapa nitakufa, na watajua kwa harufu."

Hatibu alikuwa anatazama ng'ombe. Hakugeuka. Akilini alimwona binti yake amelala katika kile chumba chenye dirisha la vioo viwili, viatu vinapita, na hakukuwa na mtu wa kumwinulia fimbo.

"Jibu la pili," alisema.

"La pili ni kwamba kuna mtu mmoja. Ni mwanamume."

Ng'ombe wa mwisho akapita, na mtoto wa kuwachunga akawaamkia, na Hatibu akaitikia marahaba kwa sauti isiyokuwa yake.

"Mfini."

"Ndiye. Anaitwa Esko. Anasomea madaraja. Ni mtu asiyesema, baba, neno moja kwa wiki, na hilo moja analiomba radhi. Kwenye jiko tuna kabati la baridi, kila mtu ana rafu yake na jina lake. Yeye rafu yake iko chini ya yangu. Aliona maziwa yangu hayajasogezwa. Siku ya pili yapo vilevile, ya tatu yapo, yameganda. Akaja kugonga. Mimi nikaitika, lakini nilikuwa sijijui, nikaitika kwa Kiswahili. Akakimbia kumwita mama msimamizi wa nyumba, mwenye ufunguo."

"Akaingia?"

"Mama aliingia. Yeye alisimama nje. Walipokuwa wananitoa kwenye machela alikuwa bado amesimama pale, ameshika yale maziwa, hajui ayafanye nini."

"Baada ya hapo anataka nini kwako?"

"Kila asubuhi anagonga ukuta mara moja. Mimi nagonga. Halafu anakwenda darasani. Hicho ndicho anachotaka." Akasita. "Na alinifundisha kupika viazi. Vibaya sana."

Hatibu karibu acheke, akajizuia. Alifikiria mengi pale kalvatini, na si yote yalikuwa ya kumpendeza. Alifikiria jinsi ambavyo, laiti angeambiwa habari ya Esko siku ile uani, asingesikia maziwa wala machela, angesikia mwanamume. Alifikiria Ngassa ametoka mlangoni amembeba mtoto wa Bujiku, na yeye mwenye nyumba, aliyepokea jogoo, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua fimbo. Na alifikiria kwamba kama angembakiza binti hapa, asingekuwa na wasiwasi wa ukuta wowote, na visima vya Shinyanga vingeendelea kuchimbwa kwa kubahatisha, na Mwahija angekuwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja, maisha yake yote.

"Posta wanafungua saa ngapi kesho?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Basi tulale mapema."

Asubuhi akafungua sanduku la bati, akamrudishia pasipoti mbele ya mama yake aliyekuwa amerudi na habari kwamba Paskazia amekunywa uji. Wakaenda posta, baba na binti. Mwahija akaandika simu yake kwa Kiswidi, na Hatibu akasimama kando ya kaunta mpaka karani alipogonga muhuri. Halafu hakugeuka kwenda nyumbani. Akaenda kwa Rajabali.

Firoz alipomwona akasimama. "Shikamoo mzee. Mgonjwa?"

"Anakula. Marahaba. Pikapu yako imefanya kazi ya Mungu jana." Akanyoosha kidole kwenye rafu. "Nipe kufuli moja. Hilo kubwa."

"Kwa mlango uliovunjika?"

"Kwa mlango wa Uppsala."

Firoz akamtazama Mwahija, akamtazama mzee. "Mzee, milango ya kule haina pete. Mimi nimelala kule."

"Najua umelala, mji mzima unajua. Ataning'iniza kwenye mkono wa mlango."

"Halitafunga kitu."

"Silinunui kwa kufunga."

Mmoja wa waliokaa wakisubiri sukari, yuleyule wa siku ile, akafungua mdomo. Hatibu akageuka akamtazama, na yule mtu akaona heri aulize bei ya wino.

Siku ya safari Kijakazi alifunga karanga, na Ngassa alikuja kukaza mikanda ya sanduku kwa spana yake kana kwamba ni baiskeli. Hatibu alimwita binti yake barazani. Akamkabidhi kufuli lenye ufunguo mmoja, na ngozi ya mbuzi jike mweupe, aliyoilainisha mwenyewe kwa mikono mpaka ikalala kama kitambaa.

"Hii ngozi si yako," alisema. "Ni ya huyo Esko. Jogoo hapandi ndege, la sivyo ningempelekea jogoo. Mwambie hivi: baba yangu hakujui, na asingependa kukujua, lakini ameona uliyofanya. Kisha mwambie: kufuli likiwepo kwenye mkono wa mlango, sipo. Lisipokuwepo, nipo. Na lisipokuwepo mpaka mchana, gonga. Nisipoitika, mwite yule mama. Asije akavunja mlango kama wengine."

"Nilikuwa na haraka," Ngassa alisema kutoka kwenye sanduku.

"Nimekwambia wewe kitu?"

"Na wale wengine kumi, baba?" Mwahija aliuliza.

"Wataona kufuli lisilofunga kitu, watauliza. Watu wakiuliza umeshapata cha kuzungumza nao. Ukiwaeleza, mwingine atataka na yeye aning'inize lake. Mimi nimepangisha miaka mingi, najua wapangaji wanavyoigana."  Alitaka kuongeza jambo kuhusu bafu, akaliacha. "Na viazi acha. Pika wali."

Gari lilipoondoka stendi Hatibu hakupunga mkono, alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliporudi nyumbani alichukua nyundo, akagonga msumari mmoja zaidi juu ya mlango wa chumba chake, baada ya misumari ya vyumba vya wapangaji, akautundika ufunguo wa pili wa kufuli la Kichina.

Paskazia alipotoka hospitali, amekonda na masikio yanamlia kwa kwinini, aliuona. Alizijua funguo zote za nyumba ile.

"Mzee, huu ni wa chumba gani?"

"Cha Mwahija."

Binti akautazama tena, akatazama ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku. "Lakini kule hutapita kuangalia."

"Sitapita," Hatibu alisema. "Kuna mtu anapita."

Alfajiri iliyofuata alitoka kwenda kuswali. Alipita ukumbini taratibu kuliko zamani, na safari hii alihesabu pete tupu, si makufuli. Kwa Paskazia ilikuwa tupu. Akasimama. Akabisha mara moja kwa kidole kilichokunjwa, akiwa upande wake wa ukumbi, mkono umenyooka kufikia mlango, na akangoja mpaka sauti ya usingizi ikaitika ndani.